Muulize Fundi: Chumvi, Vifaranga na Jenereta Inayopumua

Haya jamani wa kusini, Ntwara kuchele. Mwezi huu maswali yamekuja mengi na cha ajabu karibu yote yanauliza kitu kimoja, hata yale ambayo mwenyewe aliyeuliza hakujua. Chuoni wanakiita mifumo ya udhibiti, wanafunzi wenyewe wanasema kontroli basi. Nimejibu kama yalivyofika. Na nyie mnaoniuliza bei ya korosho msimu huu, mi fundi tu, nendeni chama cha msingi.

*Shikamoo fundi. Niko mwaka wa tatu uhandisi wa umeme, chuo kiko Dar ila sasa hivi niko likizo nyumbani Mikindani. Nimeshika sapu ya kontroli, yaani nimefeli narudia mtihani. Lekcha aliandika Laplace ubaoni wiki ya kwanza mpaka ya mwisho, fomula zote nimekariri lakini ukiniuliza hii kozi inahusu nini, kweli sijui. Sapu ni mwezi ujao na baba hajui. Nisaidie. — Mwanafunzi, Mikindani*

Marahaba mwanangu. Ya baba tutayarudia.

Leo jioni usiende kijiweni, nenda jikoni mama akiwa anapika mchuzi wa pweza ukae umwangalie. Anatia chumvi, anakoroga, anaonja kwenye kiganja, kichwani kwake kuna ladha anayoitaka kwa hiyo analinganisha, bado, anaongeza kidogo, anaonja tena. Imeisha hiyo, ndo kozi yako semista nzima. Ladha iliyo kichwani ndo lengo, ulimi ndo sensa (sio ile ya kuhesabu watu), tofauti kati ya lengo na ulichoonja inaitwa kosa, mkono ndo unaotekeleza na ile habari inayotoka kwenye sufuria kurudi kwa mpishi ndo mrejesho. Mtu anayetia vijiko viwili kwa sababu paketi imeandika viwili, haonji wala nini, huyo kitanzi chake kiko wazi, habari haimrudii, siku chumvi ikiwa kali kuliko ya jana mnakula mnakunywa maji usiku kucha.

Sasa subiri uone utamu wa somo ulipo. Mpe mdogo wako sufuria ile ile na chumvi ya mawe, ile ya madonge. Anatia, anaonja hapo hapo, haijayeyuka, anaona bado. Anatia tena, anaonja, bado. Anatia tena. Baada ya dakika tano madonge yote yameyeyuka kwa pamoja na mchuzi unamwagwa. Mdogo wako hana ulimi mbovu wala hana haraka kuliko mama, tatizo ni kwamba habari aliyokuwa anaipata ni ya zamani na yeye akaifanyia kazi kama ya sasa hivi. Kuchelewa. Vitu vingi vilivyokutesa kwenye hiyo kozi, Nyquist, Bode, ruti lokasi, ni watu wazima wanahangaika na hiyo chumvi ya mawe.

Twende kwenye namba kidogo usije ukaniambia nimekufundisha upishi. Kuna ile geini, K, yaani ukali wa kusahihisha, kosa dogo unajibu kwa nguvu kiasi gani. Kwenye mfumo rahisi kabisa kosa linalobaki mwishoni ni 1 gawa kwa 1 jumlisha K. K ikiwa 9 linabaki asilimia 10, K ikiwa 99 linabaki asilimia 1. Mwanafunzi mwenye akili anauliza hapo hapo, sasa si tuweke K elfu moja twende zetu nyumbani? Hukuuliza wewe ndo maana uko sapu, nakutania. Jibu liko kwenye pembea. Mtoto yuko kwenye pembea unataka kumsimamisha, unamsukuma kinyume na anavyokwenda, anapungua. Ila mikono yako ikichelewa nusu ya mzunguko, ule ule msukumo wa kumsimamisha unamkuta ameshageuka na sasa unamsaidia, na ukiwa na nguvu nyingi ndo unamrusha kabisa. K kubwa pamoja na kuchelewa, hiyo ndo ajali yenyewe.

Umeshaisikia kwa masikio yako pia. Harusini maiki ikikaa karibu na spika inapiga ule mluzi watu wote wanaziba masikio, tunamtukana dijei. Sauti imetoka spika imeingia maiki imekuzwa imetoka tena, ikirudi imeoana na ile iliyotoka na haijapungua ukubwa basi haifi tena, inajilisha yenyewe. Nyquist mwaka 1932 aliandika sharti la kujua mapema kama saketi yako itapiga mluzi au haitapiga, kabla hujaiwasha. Na kabla yake alikuwepo mhandisi Harold Black, yeye na wenzake walikuwa wanahangaika na amplifaya za simu za masafa marefu zinazoharibu sauti, mwaka 1927 yuko zake kwenye kivuko anavuka mto Hudson kwenda kazini, likamjia wazo la kurudisha sehemu ya sauti inayotoka ikiwa imegeuzwa ili ipunguze makosa yake yenyewe, akaliandika juu ya gazeti alilokuwa ameshika. Mimi kila nikivuka Msangamkuu nabeba gazeti, bado halijanijia kitu.

Laplace sasa. Vitu vyote hivi vinabadilika na muda, hesabu zake ni zile za diferensha ambazo najua unazichukia. Laplace kazi yake ni moja, inageuza kule kudiferenshieti kuwe kuzidisha kwa s, kwa hiyo lile dude linakuwa aljebra ya kidato cha pili, unajumlisha unagawanya unamaliza. Chini ya ile sehemu kuna mizizi ndo mnaita poli, ukizichora kwenye grafu zikiwa zote upande wa kushoto mtikisiko unakufa wenyewe, hata moja ikiangukia kulia mtikisiko unakua. Mhandisi Evans mwaka 1948 akauliza swali la kitoto kabisa, nikizungusha nobu ya K taratibu hizi poli zinatembea kuelekea wapi? Akazichora. Hiyo ndo ruti lokasi, ramani ya matembezi ya poli, zikikaribia mpaka wa kulia unajua nobu imetosha.

Kusoma: anza na kitu chepesi, chukua kipimajoto kitumbukize kwenye maji moto uandike namba kila baada ya sekunde chache, ule muda wa kufika asilimia 63 ya safari yake ndo taimu konstanti, ukizidisha kwa tatu uko kwenye 95. Chora kwa mkono. Ukiielewa hiyo curve moja na ile inayopita lengo ikarudi ikapita tena, pasti pepa zitaanza kuongea na wewe. MATLAB, ile programu ya hesabu ya kompyuta, iache kwanza, inakufanya uone majibu bila kuona swali. Na kama unajiuliza utaajiriwa wapi na haya mambo, gesi inayotoka Mnazi Bay inasafishwa hapo Madimba halafu inasafiri kwenye bomba mpaka Dar, presha yake haishikiliwi na mtu amekaa na spana.

Baba mwambie leo. Taarifa ikichelewa unajua inakuwaje.

*Fundi, friji langu lina namba 1 mpaka 7. Nikitoka ferini na samaki nazungusha 7 ili wagande haraka. Mume wangu anasema namaliza umeme bure. Nani mkweli? — Mama Changu, Lindi mjini*

Dada yangu, leo mume kashinda, pole. Kwenye friji la kawaida ile kompresa haina mwendo wa haraka na mwendo wa polepole, ina kuwaka na kuzima. Namba unayozungusha inaiambia izime ikifika baridi gani, haiiambii iende mbio. Kwa hiyo ukiweka 7 samaki wanapoa kwa mwendo ule ule ila friji halitazima mapema, ukisahau inakesha inakula luku, nyanya na mchicha zinaganda. Na lile "tik" unalolisikia likizima na kuwaka ni makusudi, kati ya baridi ya kuzimia na ya kuwakia wameacha nafasi, bila hiyo nafasi ingekuwa inawaka na kuzima kila sekunde na mota ikiwaka inavuta umeme mara tano mpaka saba ya kawaida, isingemaliza mwezi. Ndo maana pia umeme ukikatika na kurudi subiri dakika kama tatu, au nunua friji gadi isubiri kwa niaba yako.

Haya mafriji mapya ya invata ni habari nyingine, hayo kompresa yake kweli inapunguza na kuongeza mwendo.

*Kaka habari. Nimetengeneza inkubeta kwa bodi la friji bovu, nimeweka balbu nne za wati 60 na themostati ya kidijitali nimeiseti 37.5. Inapanda mpaka 40 inashuka mpaka 35, haitulii. Trei ya kwanza ya mayai imekufa yote. Nimebadilisha themostati mbili, tatizo lile lile. — Mfugaji, Masasi*

Salama kaka, na pole, hapa naongea kama mfiwa.

Themostati zako zote tatu ni nzima, ungeweka nyingine hata ngapi zingefanya hivyo hivyo. Nieleze kitu kimoja, waya wa sensa umeubandika wapi? Naweka shilingi yangu kwamba ni kwenye ukuta wa lile bodi, kona ya chini, kwa solotepu, na feni haipo. Sasa fuatilia safari ya joto. Balbu nne, wati 240 kwenye kasanduku, zinawaka, hewa ya juu inachemka, joto linashuka taratibu mpaka chini, linapasha ukuta, ukuta unapasha sensa, sensa inasema 37.5, balbu zinazima. Wakati huo juu kwenye mayai ni 40 na vioo vya balbu bado vya moto vinaendelea kutoa. Halafu kupoa hivyo hivyo, sensa inachelewa kujua kwamba kumeshapoa. Ni chumvi ya mawe hiyo hiyo niliyomwambia mwanafunzi hapo juu.

Mimi yangu ilikuwa mbaya zaidi maana nilijiona mjanja. Namba kwenye kioo ilikuwa inacheza 37.1, 38, 36.9, inanikera, nikaichukua sensa nikaizamisha kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi nimejaza maji nikakiweka katikati ya mayai. Namba ikatulia, 37.5 haikohoi, nikamwita mke wangu aje aone. Maji yale yalikuwa yanachelewesha kila kitu, hewa inapanda inashuka vibaya kuliko mwanzo na mimi naangalia kioo kinaniambia shwari. Mayai 90, siku ya 21 tumekaa tunasikiliza. Vifaranga 11. Kile kichupa bado kipo dirishani, mke wangu hataki nikitupe.

Kwa hiyo tafuta feni ndogo ya kompyuta mbovu, izunguke muda wote, usiku na mchana. Sensa ining'inize uchi usawa wa mayai, kwenye hewa inayotembea, mbali na ukuta na isione balbu moja kwa moja. Balbu punguza, mbili za wati 40 zinaweza kutosha kwa bodi la friji lililozibwa vizuri, na ziwe zinakaa zimewaka muda mrefu kidogo kuliko zinavyozima, zikiwaka sekunde tano zinazima dakika nzima jua bado ni kubwa mno. Ile nafasi ya kuwakia na kuzimia kwenye themostati shusha iwe 0.3 hivi. Chupa za maji ziweke chini ya trei, hapo ndo mahali pake, zinashika joto umeme ukikatika. Na kama lazima ukosee kosea kwenye baridi kidogo, joto la kuzidi linaua kiinitete haraka zaidi.

Usijisikie vibaya, hii shida ni ya kale. Kuna Mholanzi anaitwa Cornelis Drebbel, miaka ya 1620 hivi, alijenga tanuru la kutotolea vifaranga linalojishika joto lenyewe, spiriti ndani ya chupa inatanuka ikipata moto inasukuma zebaki, zebaki inainua kijiti, kijiti kinafunga tundu la hewa la moto. Hana umeme hana nini. Miaka mia nne baadaye tunabandika sensa ukutani.

*Kijana, mimi nimeshika sukani tangu nikiwa na miaka kumi na mbili. Mjukuu wangu karudi kutoka chuo ananiambia kuna mashine inashika sukani ya meli kuliko nahodha. Nikamwambia mwongo. Nani alimfundisha hiyo mashine? — Mzee wa mashua, Msangamkuu*

Shikamoo babu. Mjukuu hajadanganya, ila hakukwambia kilichokuwa cha kukupa raha: waliofundisha hiyo mashine ni watu kama wewe. Nicolas Minorsky, Mrusi aliyehamia Marekani, aliwaangalia mabaharia wanavyoshika usukani wa meli kubwa akajiuliza huyu mtu mikono yake inafuata nini hasa, mwaka 1922 akaandika hesabu zake, mwaka uliofuata ikajaribiwa kwenye manowari inaitwa New Mexico.

Alichoona nadhani utakicheka maana unakijua. Mtoto ukimpa kana (mpini wa usukani) mara ya kwanza, omo (pua ya chombo) ikienda kushoto anavuta, ikienda kulia anavuta, na kadri ilivyopotea ndivyo anavyovuta sana. Chombo kinakwenda nyoka nyoka mpaka mwisho wa safari, abiria wanatapika. Nahodha haangalii tu omo imepotea kiasi gani, anaangalia inarudi kwa kasi gani, ikiwa inarudi mbio anairudishia kana kabla haijafika, chombo kinajilaza chenyewe kwenye njia. Halafu kuna la tatu. Ukiwa na tanga juu chombo kinataka kwenda joshi, kule upepo unakotoka, muda wote, yule mtoto anakaa safari nzima omo imepinda kidogo kwa sababu hawezi kushikilia kana bila kuona kosa. Wewe baada ya muda mkono wako umeshazoea, umeibana kana pembeni kidogo na hukumbuki hata kama umeibana, omo iko sawa sawia. Mkono umejumlisha yale makosa madogo madogo yote ya nyuma ukayaweka akiba.

Hayo matatu, kosa la sasa, jumla ya yaliyopita na kasi ya linalokuja, ndo wanafunzi wanayaita P, I na D, na hivi leo yamo kwenye viwanda dunia nzima. Mwulize mjukuu wako ile I ikikusanya akiba kubwa mno inatokeaje. Tanga likishushwa ghafla na mkono bado umebana kana, chombo kinakwenda wapi babu? Upande mwingine kabisa, mpaka mkono usahau. Chuoni wanaliita jina refu, we mwambie tu mkono haujasahau.

*Boss, jenereta ya dizeli ghalani kwetu bila mzigo inapumua, wuuu inapanda wuuu inashuka, taa zinacheza. Fundi mmoja kaja kakaza springi ya gavana ikazidi. Na hata ikitulia mita inasoma hezi 52, si inatakiwa 50? — Mlinda ghala, Tandahimba*

Tuanze na hezi 52, yaani umeme unageuka mara 52 kwa sekunde, hiyo sio ugonjwa. Gavana, kile kifaa kinachoshika mwendo wa injini, nyingi zimesetiwa zilegee kidogo mzigo ukiingia, asilimia tatu mpaka tano, mashine inayotakiwa izunguke 1500 kwa dakika ukiwa na mzigo wote, bila mzigo inakaa 1560 na hapo ndo mita inasoma 52. Ukiwasha mashine zote za ghalani itashuka yenyewe.

Kupumua ndo ugonjwa. Na usimlaumu sana huyo fundi, hata wakubwa walinasa hapo hapo. James Watt aliweka gavana ya mipira miwili inayozunguka kwenye injini ya mvuke mwaka 1788 na ilifanya kazi vizuri tu, badae viwanda vilivyoanza kuchonga vyuma kwa ustadi, msuguano ukapungua, watu wakashangaa injini mpya nzuri ndo zinapumua kuliko zile za zamani zilizokuwa zinakwaruza. Ule mkwaruzo ndo ulikuwa unatuliza. Maxwell, yule wa sumaku na umeme, akakaa chini mwaka 1868 akaandika hesabu za kwa nini, na karatasi ile ndo wengi wanaihesabu kama mwanzo wa somo lote hili. Lakini mkwaruzo wa pale ndani sio sawa na fimbo kukwama. Fimbo ya kwenda kwenye pampu ya dizeli ikiwa na kutu au vumbi la salfa inakwama, mwendo unashuka haisogei, unashuka zaidi, halafu inaruka yote kwa mpigo, mafuta yanaingia mengi, injini inapaa, inakwama tena juu. Kukaza springi ni kumvutia mtu aliyechelewa kwa nguvu zaidi.

Zima. Toa ile fimbo isogeze kwa kidole, iende na kurudi laini kama bawaba ya mlango mpya, ikigoma mahali popote safisha kwa dizeli na brashi, grisi kidogo. Halafu filta ya mafuta, halafu toa upepo kwenye laini ya dizeli, maana povu la hewa nalo linafanya hivyo hivyo, gavana inaomba mafuta inapewa hewa. Springi irudishe ilipokuwa, kama fundi hakuweka alama utaisoma kwa rangi iliyochubuka. Gavana ya umeme yenye kibodi ina kinobu cha geini, kirudishe nyuma robo duara usikilize, usiguse kingine.

Ikiendelea nirekodie sauti kwa simu, sekunde 30 tu, usiongee juu yake. Nitahesabu inapumua mara ngapi, wahandisi Ziegler na Nichols walianzia kwenye pumzi hizo hizo mwaka 1942 kupata namba zao za kurekebishia, na sisi tutaanzia hapo.